Ndoo Arobaini na Moja

Baba yangu alikuwa fundi wa mapaa, Hradolin,
nami ndiye niliyemshikia ngazi.
Kwa hiyo msiniulize habari za vita wala za mataji;
niulizeni palipovuja.

Palivuja juu ya maktaba, palivuja juu ya kanisa dogo,
palivuja juu ya kitanda alichozaliwa babu yake
na juu ya kile alichofia, chumba cha tatu kutoka hapo.
Bwana Vratislav alizihesabu ndoo kila jioni ya mvua
kama mchungaji ahesabuye mbuzi: arobaini na moja,
na mabeseni, na sufuria za shaba,
na kofia ya vita ya chuma, imepinduliwa mdomo juu.
Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba;
hawakusema ni nani atakayekwenda kukimwaga
saa tisa za usiku.

Miaka arobaini serikali ilimwita kabaila.
Ikamnyang'anya funguo, ikajaza viazi ukumbini,
ikafuga nguruwe chini ya malaika waliochorwa darini.
Yeye akapewa beleshi na tanuri la hospitali, mjini Brno,
akachochea makaa akiwa na majina saba katika cheti cha kuzaliwa
na jozi moja ya viatu.
Alisema moto haumuulizi mtu ukoo.

Alirudi na mvi, na barua yenye mihuri mitatu:
*Nyumba ni yako, kama ilivyo.*
Kama ilivyo!
Mkewe, Otylie, alilitazama paa, akautazama mlango,
akapanda basi la saa nane.
Aliandika kila Krismasi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa;
yeye alikuwa na nyufa za miaka mia sita
na pensheni ya mchochea makaa.

Kwa hiyo aliwauza mababu.
Mmoja mmoja, kwa mnunuzi wa picha kutoka Vienna.
Askofu akawa vigae vya upande wa kaskazini.
Shangazi Eleonora, na mbwa wake mapajani, akawa mabomba ya maji.
Jemadari aliyepigana na Waturuki
akatosha kona moja tu, karibu na dohani.
"Hata alipokuwa hai," Bwana alisema,
"alijipandisha bei."

Ukutani zikabaki nafasi za mraba,
kijani kibichi pale ambapo jua halikuwahi kufika.
Watalii walipokuja, Jumamosi, kwa tiketi ya bei ya bia,
aliwasimamisha mbele ya kila pengo, akaeleza:
hapa, pua ndefu; hapa, macho yaliyowafuata watoto hadi mlangoni.
Nilimwona mama mmoja akivaa miwani,
akalichungulia pengo kwa muda mrefu,
akasema: ndiyo, mnafanana.

Mwaka wa tisa baba alianguka. Si kasrini;
alianguka kutoka banda letu la kuku, goti likavunjika.
Ndipo Bwana akapanda mwenyewe,
miaka sabini na miwili, kamba kiunoni,
nami chini nikimpigia kelele kama mtoto mtundu:
kigae hukilalia kigae, hakikikimbii!
Akajifunza. Akapigilia vibaya. Akang'oa, akajifunza tena.

Kigae cha mwisho tulikiweka Oktoba,
na usiku uleule mbingu zikafunguka.
Nikaenda na taa. Nilimkuta amekaa ngazini
na nguo za kulala, gizani, ametega sikio.
"Jarmila, usingizi haunipati.
Nyumba imeninunia."
Akachukua ndoo moja, akafungua dirisha,
akaitundika chini ya mdomo wa simba wa jiwe
amwagaye maji ya paa,
akasubiri hadi ikaanza kulia,
akaenda kulala.

Ndoo ile ingali pale.
Mpwa wake, aliyerithi, kila akija huniambia niitoe,
kutu yake inachafua ukuta.
Namwambia kesho.